Kodi Aliyorudishiwa Dada Yangu

Kibanda changu cha mboga pale Silanga kilichomwa Januari 2008, wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi. Nikahamia kwa binamu yangu Kawangware, nikawa nafulia watu nguo.

Miezi michache baadaye dada yangu, anayetunza wazee huko Marekani, alinipigia simu. "Serikali ya huku imeturudishia kodi," akasema. "Inataka twende madukani tununue vitu ili uchumi uamke. Mimi hizo pesa nimekutumia wewe."

Nilimuuliza kama hatashtakiwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilirudi Silanga kutafuta fundi wa mbao wa kunijengea kibanda kipya. Niliyemjua ni mmoja tu, jirani yangu wa zamani, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Mimi ni wa Machakos, na tangu Januari, makabila yetu yalipogeukiana, hatukuwa tumesalimiana. Nilimkuta akikata mbao, nikamwambia nataka kujenga tena.

"Unataka kibanda cha ukubwa gani?" akauliza, macho yake kwenye msumeno.

"Kama kile cha kwanza."

"Kile kilikuwa kinavuja. Nitainua paa kidogo."

Alifanya kazi siku mbili. Siku ya pili mke wake alituletea chai, tukainywa tumekalia mbao. Hakuna aliyetaja Januari. Nilipofungua biashara, mama huyo ndiye aliyekuja kwanza kununua sukuma wiki.

Sijawahi kumuuliza fundi alikuwa wapi siku ile ya moto. Nilitaka kuuliza, kisha nikaona ninahitaji jirani kuliko jibu.