Mgonga Vioo wa Ackersley

Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu Clifford Hargreaves ni pete yake ya ndoa, nami niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa garini na mwalimu mwenzangu mwenye maradhi ya moyo, mbele ya supamaketi ya mji wetu wa Ackersley, katika nafasi zilizochorwa alama ya kiti cha magurudumu. Kadi yake ya buluu, ile ya kumruhusu mlemavu kuegesha hapo, ilikuwa nyuma ya kioo, imeelekea nje kama sheria inavyotaka. Pete ikagonga dirisha: ko, ko, ko. Nje alisimama mzee mwenye shingo nyekundu na kofia ya sufu. Akatuuliza, kwa adabu kubwa, ni nani kati yetu aliye mlemavu, maana yeye hamwoni.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Maisha yake yote aliendesha basi. Alipostaafu goti likamharibikia, halmashauri ikampa kadi, naye akajiongezea cheo juu ya kadi. Kila Jumamosi mkewe Brenda alipoingia kununua mkate na soseji, Mzee Clifford alibaki garini na chupa yake ya chai, akitazama miguu ya watu. Elimu yake yote ya maradhi iliishia miguuni. Anayechechemea ni mtu wa kweli, anayetembea wima ni mwizi. Siku moja alimgongea kijana aliyewekewa mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji. Kijana akashuka, akainua shati na kumwonyesha, mvua ikinyesha. Mzee akamwambia angalisema mapema. Radhi hakuomba. Watu wa Ackersley, ambao humwomba radhi hata mlango wakijikwaa nao, walimsifu kuwa mtu wa kanuni.

Binti yake, Joanne, ana mtoto wa miaka minane aitwaye Tilda, mwanafunzi katika shule ninayofundisha; nyumba yao imepakana na yangu. Tilda ana usonji. Ukimtazama huoni kitu. Ni mtoto wa miguu mirefu na mashavu ya kupendeza. Lakini lori likirudi nyuma, likalia pii, pii, mkono wake huponyoka kama samaki, naye hukimbia bila kutazama gari wala ukuta. Anachokipenda duniani ni maji. Kichwa kikiwa chini ya maji, katika bwawa la kuogelea la mji, dunia humnyamazia. Shida ni kwamba nafasi za kawaida za kuegesha ziko ng'ambo ya barabara ya mabasi, na zile za mlangoni ni za wenye kadi ya buluu. Tilda alipomponyoka barabarani, Joanne aliacha kumpeleka. Aliwahi kumwomba baba yake awe anawapeleka yeye kwa kadi yake. Akajibiwa kwamba kadi ni ya goti, si ya kuogelea. Basi kila Jumamosi asubuhi mtoto huvaa nguo yake ya kuogelea, hukaa kwenye ngazi za nyumba na kungoja.

Joanne akaomba kadi ya mtoto. Sheria inaruhusu: siku hizi ulemavu usioonekana nao unahesabiwa, hata kwa watoto, ikiwa mwendo wa kutoka garini ni hatari au mateso. Halmashauri ina hata bango ukutani la kujisifia jambo hilo. Siku ya mahojiano, Mzee Clifford alijialika. Alisema ataendesha yeye, kwa kuwa Joanne huendesha gari kama aliyebeba mayai.

Afisa, mwanamke mwenye sauti ya asali, akamuuliza Joanne wanaendeleaje. Katika mji huu swali hilo lina jibu moja tu. Nyumba ikiungua, mtu wa Ackersley atasimama juu ya majivu na kukwambia si vibaya, hatuna la kulalamika. Joanne, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu majira ya baridi, akatabasamu.

"Si vibaya," akasema. "Tunajitahidi."

Sifa hiyo ndogo haikumtosha babu. "Huyu mtoto? Kwa mbio zake hata sungura hafui dafu. Hiyo ni miguu ya ukoo wetu, dada. Mtazame mwenyewe."

Afisa akamtazama. Tilda alikuwa akirukaruka kwenye zulia. Jibu likaja baadaye: mtoto anatembea vizuri, ombi limekataliwa. Bango lilibaki ukutani.

Joanne hakupandisha sauti. Alimwambia baba yake mezani, huku akimmiminia chai, "Baba, umemnyang'anya mwanangu bwawa ili usifiwe miguu."

"Nimesema kweli. Mtoto hana ugonjwa. Ana mama mwenye wasiwasi."

"Basi mpeleke wewe."

Joanne alisema kwa hasira, hakudhani kwamba angempeleka kweli. Lakini Jumamosi iliyofuata, yeye akiwa kazini, mzee alimchukua mjukuu na kwenda naye bwawani, kuuthibitishia ulimwengu kwamba mtoto ni mzima. Aliegesha ng'ambo kwa makusudi, kadi yake mwenyewe ikiwa mfukoni. Wakiwa ukingoni mwa barabara, lori la taka likarudi nyuma, pii, pii, na ule mkono ukaponyoka. Goti lililompatia kadi likakataa kukimbia. Mzee Clifford akabaki pale mdomo wazi, akiitazama miguu ya ukoo wake ikiingia mbele ya basi.

Breki zilikanyagwa hadi abiria wakaangukiana. Tilda hakuguswa. Alikuwa amejikunja mbele ya taa za basi, mikono masikioni. Dereva, msichana aliyevaa sare ileile aliyoivaa mzee miaka yote, akafungua dirisha na kumwambia mbele ya kituo kizima, "Babu, kama huwezi kumshika mtoto, mwache nyumbani."

Mwosha huoshwa.

Joanne aliomba shauri liangaliwe upya, na safari hii baba yake aliomba ruhusa ya kuwepo. Afisa alikuwa mwingine, swali lilikuwa lilelile. Joanne akafungua mdomo, na mazoea yakamtangulia: si vibaya.

"Vibaya," mzee akamkata. "Vibaya sana, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika."

Akaeleza yote, hata goti, hata maneno ya yule dereva. Joanne aliniambia kuwa hajapata kumsikia mtu wa ukoo wao akilalamika mbele ya mgeni, na kwamba yeye mwenyewe aliona aibu, kisha akaona raha.

Msidhani amebadilika. Kadi ya Tilda ilifika jana, na kesho ni Jumamosi. Mzee Clifford ametangaza kuwa ataandamana nao. Kazi ya kumshika mtoto amemwachia mama yake. Yeye atakaa kiti cha mbele amevaa tai. Ametunga hotuba kuhusu ulemavu usioonekana, kana kwamba aliugundua yeye, na amekwisha kuijaribu kwa Brenda, kwa kinyozi, na kwangu, akiwa bustanini kwa Joanne, juu ya ua unaotutenganisha. Anachoomba kwa Mungu ni kwamba atokee mtu, yeyote, awagongee kioo. Joanne amemwonya kwamba akifungua dirisha tu, atarudi nyumbani kwa basi.

Tilda hana habari na hotuba. Leo alikuja shuleni na nguo ya kuogelea chini ya sare, na jioni hii amekaa kwenye ngazi, miwani ya maji machoni, akingoja kuche.