Kipande Kilichokatwa Mviringo

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika birika, Yasue alikuwa na desturi ya kusogeza mlango wa kabati, kukandamiza kifuniko cha kapu la chini kwa kiganja, kisha kuufunga tena. Kapu lilikuwa limeshiba kupita kiasi, na lisipokandamizwa lilikwamisha mlango. Mumewe aliyezoea kumwona ameinama pale alidhani anajinyoosha mgongo.

Humo mlikuwa na nguo alizozianza akaziacha: blauzi isiyo na mikono, sketi ambayo pini zake zimeshika kutu kiunoni, suruali ya mguu mmoja. Yasue alikuwa mwepesi wa kukata, mzito wa kushona. Alipenda sauti ya mkasi ukila kitambaa. Baada ya hapo, hamu ilimtoka.

Chini ya zote, ndani ya karatasi, palikuwa na vipande vya kimono, vazi la Kijapani, ya hariri ya mavyaa wake, Bi Fumiyo.

Bi Fumiyo alimkabidhi kimono ile miaka mingi iliyopita, mwili wake ulipoanza kusinyaa, ili aishone upya imtoshe. Kuifumua haikuwa ajabu. Kimono hufumuliwa, vipande vyake vikaungwa tena kuwa utepe mmoja mrefu, vikafuliwa, vikatandazwa kwa vijiti, kisha vikashonwa upya kwa kimo cha mtu mwingine. Hilo linawezekana kwa sababu kitambaa chake hukatwa mistari iliyonyooka tu, na kinachozidi hukunjwa ndani ya mshono badala ya kukatwa. Ndivyo hariri ile ilivyotoka kwa mama yake Bi Fumiyo ikamfikia yeye.

Yasue aliifumua vizuri, akaifua, akaitandaza ikakauka bila kunyanzi hata moja. Kisha akaona gauni katika jarida, gauni lisilo na mikono, na kitambaa kile cha rangi ya mawingu ya theluji kikamtia tamaa. Akajiambia atajaribu kipande kimoja tu, na kwamba mama mkwe yeye atamtafutia kitambaa kingine kizuri zaidi. Akakata tundu la kwapa. Mkasi ulipofika mwisho wa mviringo, akajua alichokifanya.

Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa, alijibu kwamba bado anaishona. Mwishowe Bi Fumiyo akaacha kuuliza, akaanza kumsifu. Aliwaambia ndugu, majirani, hata wauguzi wa zahanati, kuwa mkamwana wake anamshonea kwa mkono, polepole, kama watu wa zamani. Sifa zile zilimchoma Yasue kuliko matusi.

Majira ya baridi mwaka huu, kwenye ukumbi wa mtaa ambako wanawake hukutana kushona, ulimi ulimponyoka. Alisema kuanzia majira ya machipuko hatavaa nguo ya dukani, atavaa za mkono wake tu.

Katsumi, ambaye zamani aliuza kaa sokoni na sauti ya sokoni haijamtoka, aliinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Basi tukuandalie blanketi, shoga. Utatembea uchi mwaka mzima."

Walicheka wote, na Yasue akacheka nao. Lakini mama mmoja wa makamo akamtetea: mwacheni dada wa watu, mikono yake ina shughuli, si anamshonea mavyaa kimono ya sherehe ya kutimiza miaka themanini na minane? Vichwa vikatikisika kwa heshima. Katsumi mwenyewe akaomba radhi. Yasue aliinamia sindano yake, masikio yakimwaka moto.

Siku yake ya mapumziko, mumewe alipokuwa nje akizoa theluji kwa sepetu, Yasue alilimwaga kapu lote kwenye mikeka. Nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita akachora alichokusudia: blauzi ipate mikono, sketi ipate mkanda mpya, suruali ipate mguu wa pili, na koti jepesi alianze na alimalize. Kupanga kulikuwa kutamu. Moyoni alijua kwa nini. Alitumaini kwamba akizimaliza nguo hizi zote, atakuwa mtu mwingine, mtu anayeweza kusema jambo. Kile kifurushi cha karatasi alikisukuma nyuma ya mto wa kukalia.

Ngazi zikalia. Bi Fumiyo, ambaye wakati wa baridi hakuondoka kwenye meza yake yenye joto kule chini, alikuwa anapanda hatua kwa hatua akishika ukuta. Alisema amesikia purukushani akadhani panya. Akaketi katikati ya nguo, akaichukua ile suruali.

"Hii ya nani, ya korongo?"

Yasue alicheka mpaka akafuta machozi. Bibi akajivuta aegemee mto, na karatasi ikachakarika nyuma yake.

Yasue alichelewa kumzuia asiichomoe. Bi Fumiyo aliitambua hariri yake kabla hajamaliza kuikunjua. Uso ukamng'aa. Akatandaza kipande pajani, akakipapasa, na kidole chake kikafika kwenye mviringo kikasimama. Akakunja ukingo kwa ndani, kama mtu anayejaribu kuuficha kwenye mshono. Akakunja tena, zaidi. Mkato ulikuwa umeingia ndani kuliko mshono wowote ungeweza kuficha.

Yasue alianza kueleza habari za jarida, za gauni, za kitambaa kingine alichokusudia kununua. Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nimeshawaambia watu wote," alisema Bi Fumiyo taratibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Akakikunja kipande kwa mikunjo yake ya zamani, akakirudisha kwenye karatasi. Nje sepetu lilikuwa likikwaruza lami. Yasue hakuinua kichwa.

"Mwanangu, nisingepanda ngazi leo, ungeniambia?"

"Hapana, Mama."