Nguzo Iliyovaa Mkanda Mweupe

Harufu ya mninga uliopasuliwa sasa hivi ina utamu kidogo, na chini ya utamu huo kuna uchungu, kama dawa ya mizizi inayochemka chunguni. Juzi nilipita mbele ya karakana ya maseremala pale Singida mjini, vijana wanasukuma randa, vumbi lao jekundu limetanda mpaka barabarani. Nikasimama. Mjukuu wangu alidhani nimechoka, akanishika mkono. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi kwenye kitanda cha ngozi ndani ya tembe la mama yangu, nina surua, macho yananiwasha, na mvua inanguruma juu ya dari la udongo.

Enzi hizo alitawala Mwingereza. Kwetu, upande wa Issuna, Mwingereza mwenyewe tulimwona kwa nadra sana. Serikali tuliyoijua ilikuwa mtemi na baraza lake, na chini ya mtemi alikuwepo jumbe, ambaye ndiye aliyekuwa macho na mikono ya mtemi pale kijijini. Jumbe wetu alikuwa mjomba wangu, Ntandu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Mama ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye kofia ya kazi, mama akimkasirikia alimkumbusha kwamba mgongo wake bado unanuka mikojo yake.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kilima chenye miti mingi, na chini ya kilima ilitoka chemchemi iliyotunywesha sisi na ng'ombe wetu. Baraza la mtemi lilitangaza amri kwamba miti ya kilima kile isiguswe bila ruhusa. Aliyetaka kujengea au kuchonga mzinga aombe kwa jumbe, jumbe amfikishie ombi Bwana Miti, yule mzungu wa misitu aliyepita mara moja kila kiangazi. Watu walinung'unika, maana hakuna anayependa kuombea ruhusa kitu ambacho babu yake alikichukua tu. Lakini wazee walikumbuka kilima kingine upande wa jua kuchwa, kilichokatwa chote kwa ajili ya mashamba, na kisima chake kikabaki shimo la mijusi. Amri ilikuwa ya Mwingereza, woga wa kukosa maji ulikuwa wetu wenyewe.

Kila mwaka mvua zilipokaribia mjomba alipanda kilimani na ndoo ya chokaa na brashi ya katani, akapaka mzunguko mweupe kwenye kila mti uliokuwa chini ya ulinzi. Sisi watoto tuliiita miti iliyovaa mikanda. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba ukikojoa kwenye mti wenye mkanda, Kingi, mfalme wa Waingereza, anasikia huko huko Ulaya. Tulikuwa tukikimbilia mbali kabisa kwenda kujisaidia, kwa heshima ya Kingi.

Mwaka ule baba alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga. Tulibaki mama na mimi. Mchwa nao hawakujua kwamba mwenye nyumba hayupo. Waliila nguzo ya kati kimya kimya, kwa ndani, mpaka siku moja mama alipoigonga kwa mchi ikatoa sauti ya kibuyu kitupu. Anayelijua tembe anajua maana yake. Dari la tembe ni udongo juu ya miti, na udongo ukinywa mvua unakuwa mzito kama ng'ombe aliyelala. Nguzo ya kati ndiyo inayombeba ng'ombe huyo.

Mvua zilianza, na surua nayo ikanikamata. Mtu mwenye surua hapelekwi kwa jirani. Hakuna ambaye angenipokea, na hakuna ambaye angelaumiwa kwa kunikataa. Mama alimwita mjomba. Akaja, akasimama nje ya mlango, akanisalimia kwa sauti kupitia ukutani. Nikamwamkia shikamoo kwa koo lililokauka. Kisha nikawasikia wakizungumza.

"Nipe mti mmoja tu, Ntandu. Nguzo imekwisha."

"Dada, Bwana Miti atakuja mvua zikipungua. Nitamwomba mimi mwenyewe, utapata."

"Nguzo haimjui Bwana Miti."

"Najua. Lakini nikikukatia wewe kwa sababu ni dada yangu, kesho nitamkatalia nani? Watapanda wote na mashoka yao. Subiri kidogo. Egemeza kwa magogo."

Mama hakubishana zaidi. Aliegemeza kwa magogo mafupi na mawe, akapiga kabari. Kukata mti porini, mbali na kilima, kulihitaji kuondoka alfajiri na kurudi jioni, na mimi nilikuwa siwezi hata kujinywesha uji.

Siku ya pili yake, mchana, mvua ilinyesha bila kupumzika. Udongo ulianza kunidondokea usoni, punje punje, kisha bonge likaanguka karibu na mguu wangu. Juu ya kichwa changu mti mmoja wa dari ulilia, mlio mrefu kama wa mlango mkavu. Mama alikuwa anasonga ugali. Aliinua macho, akautazama ule mti, akanitazama mimi. Akautoa mwiko chunguni, akachukua shoka, akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Sijui alikaa muda gani. Mgonjwa hapimi muda. Nakumbuka aliporudi alikuwa na mti mrefu begani, mnene kama paja la mtu mzima, na utomvu mwekundu wa mninga ulikuwa umechirizika na maji ya mvua, umemlowesha bega na titi lote. Nilipiga yowe nikidhani ameumia. "Nyamaza," alisema. "Si damu yangu." Akachimba shimo palepale sakafuni kwa jembe, akausimamisha, akaupigilia mpaka kile kilio cha juu kikakatika. Halafu akauzungusha mti kidogo, upande ambao mkanda mweupe ulikuwa haujafutwa na mvua ukaelekea ukutani. Akarudi kumalizia ugali wake, uliokwisha kuganda.

Surua ilipoanza kunitoka mjomba alikuja kunitazama, safari hii akaingia ndani, na kibuyu cha maziwa mkononi. Akaketi, akanitania kwamba nimekuwa na madoa kama kanga. Alipotaka kuinuka akashika nguzo, upande wa ukutani. Mvua ilikuwa imeipa nyumba unyevunyevu, na chokaa ilikuwa imelowa tena. Alipouondoa mkono, kiganja kilikuwa cheupe.

Alikitazama kiganja kile. Mama alikuwa amesimama jikoni, hapumui. Mjomba akajifuta kwenye kaptula, taratibu, kama mtu anayejifuta jasho, akaniambia nimalize maziwa, akaenda zake.

Nilikuwa mtoto, nikafurahi. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Lakini kisiki cha mninga hakifichiki, kinatoa wekundu siku nyingi. Tarishi wa baraza alikiona, na alipotazama huku na huku akamwona Mzee Hango, mchonga mizinga, anashuka kilimani na shoka. Mzee Hango alikuwa amekwenda kurekebisha mzinga wake uliodondoshwa na upepo. Alisema hivyo, hakuna aliyemsikiliza. Tayari mara mbili alikuwa ametozwa faini kwa miti aliyoikata kweli, hivyo na huu wa tatu wakamvika.

Siku ya baraza nilikuwa nimepona, na mama akanichukua. Watu walijaa uwanjani. Wazee wa baraza walikaa kwenye vigoda, mjomba katikati yao, na Mzee Hango ameketi chini, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Wakasema faini ya mbuzi haimtoshi mtu huyu, apelekwe boma la Singida akafungwe.

"Jumbe, tuambie," mzee mmoja alisema.

Mjomba alikuwa anavitazama viganja vyake. Nilimtazama, na nadhani mimi peke yangu pale uwanjani, ukimtoa mama, ndiye niliyejua anatazama nini. Nikaushika upindo wa kaniki ya mama, na nikaona upindo unaniponyoka. Mama alikuwa amesimama.

"Mfungueni. Mti nimekata mimi."

Minong'ono ikaenea uwanjani. Mzee wa baraza akamuuliza, "Na kwa nini hukuomba ruhusa kwa jumbe, naye ni ndugu yako?"

Mama alimtazama mdogo wake. Angeweza kusema. Akasema, "Sikuwa na subira."

Hapo mjomba naye akainuka. Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Anasema uongo kwa ajili yangu. Aliomba. Alikuja kwangu nikamwambia asubiri. Na nguzo ile nimeiona, nimeishika kwa mkono huu, nikanyamaza. Mpaka leo hii nimekaa hapa namtazama Hango amefungwa, na bado nimenyamaza."

Wanawake waliziba midomo. Dada na mdogo wake walisimama pale, kila mmoja anavuta kosa upande wake kama watu wanaogombea kulipia chakula. Mzee Hango ndiye aliyewakatiza. "Basi nifungueni," alisema. "Nina nyuki wananingoja." Watu wakacheka, wengine huku wanafuta macho.

Baraza lilimpa mama adhabu ya kumwagilia miche ya mijohoro iliyopandwa kandokando ya barabara, kiangazi chote kitakachofuata. Ya mjomba ilitoka kwa mtemi. Tarishi alikuja kuchukua kofia, ndoo na brashi.

Kiangazi kile nilimsindikiza mama kila asubuhi na kibuyu changu. Mbele yetu alitangulia mjomba na debe begani, ingawa hakuna aliyemhukumu kumwagilia. Mama akichoka alimwachia debe lake, naye anabeba yote mawili. Mimi nilifuata nyuma, na kila tone lililomwagika njiani nililihesabu kuwa langu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya kitoto: kama nisingeugua, tungehamia kwa jirani; kama tungehamia, mti usingekatwa; kama mti usingekatwa, mjomba angekuwa bado jumbe. Hesabu yote ilianzia kwangu. Nilikuwa nikinywa maji kidogo kuliko kiu yangu, kama mtu anayerudisha alichoiba.

Jumbe mpya alikuwa mtu mchangamfu, hana makuu, hamkatalii mtu. Aliyemwendea na jogoo alipata mti. Aliyemwendea na beberu alipata miti. Mwanzoni kijiji kilimsifu sana, na wapo waliotucheka sisi tuliomtetea mjomba na ugumu wake. Bwana Miti alipokuja alionyeshwa upande wa mbele wa kilima, wenye mikanda safi, akaridhika. Kisha walikuja wapasuaji mbao na misumeno mirefu ya watu wawili, wakakaa huko nyuma ya kilima msimu mzima, halafu msimu mwingine. Ilipofika zamu ya upande wa mbele, hapakuwa tena na mtu wa kusema hapana. Mzee Hango alihamisha mizinga yake. Chemchemi haikukauka kwa siku moja. Ilianza kuchelewa kujaza kibuyu, ikawa ya kukingia kwa kata, ikawa matope, na mwaka ambao Mwingereza aliondoka ilikuwa imekwisha kuwa shimo, sawasawa na lile la upande wa jua kuchwa.

Nilipokuwa mama wa watoto, mjomba akiwa mzee anayetembea kwa fimbo, nilijikaza nikamuuliza kama anajuta kusimama siku ile. Nilitaka aniambie kosa si langu, nadhani.

"Kusimama sijuti," alisema. "Dada yangu alikuja kuniomba mti, mimi nikampa siku za kungoja. Ningekwenda mwenyewe na shoka, nikakata mmoja mbele ya watu wote, nikasema, huu ni wa mtoto mgonjwa, na kesho wa kwako akiugua nitakuja kukukatia. Nani angekasirika? Kilima kingekuwepo. Lakini nilidhani kulinda ni kukataa tu."

Nikampelekea mama maneno hayo, nikidhani yatampa faraja. Mama alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Akasema, "Huyo naye. Mimi ndiye niliyepaswa kumshika mkono aje auone ule udongo unavyokudondokea. Nilimwita akasimama nje, nikamwacha asimame nje. Kiburi kilinizuia kumwomba mara ya pili mtoto niliyemlea."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na mvi za kwanza. Watu watatu tuliishi miaka yote ile karibu karibu, tukila pamoja Idi, tukizikiana ndugu, na kila mmoja alikuwa amelichukua kosa lile zima zima akaenda nalo kwake, akidhani mwenzake yuko salama. Hatukuliweka katikati tukalitazama pamoja. Pengine tungeligawana lingekuwa jepesi. Pengine tungekuwa na nguvu ya kusimama mbele ya jumbe mpya na kusema, kilima hiki tunaijua bei yake. Tuliona aibu. Tulioivunja amri tuliona hatuna mdomo wa kuitetea.

Wote wawili nimewazika. Nguzo walinisimamishia, nami nikaishi mpaka uzee huu, na sijawahi kutamani vinginevyo. Hapo ndipo penye ugumu. Nikienda kijijini hukaa barazani kwa binti yangu asubuhi. Wasichana hupita wakirudi kutoka kisima cha mbali, wametoka kabla ya jua, ndoo vichwani, shingo zimenyooka. "Shikamoo, bibi," wananiambia, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu waliyofundishwa. Naitikia marahaba kwa kila mmoja, na kila mmoja namtazama miguuni, penye vumbi la njia ndefu.