Baa ya Familia

Wanywaji walimwita Anti Kaunta, maana kaunta ilikuwa kama kiungo cha mwili wake: aliiegemea, aliisugua, na mtu akizidisha maneno aliipiga kofi kwa niaba yake. Alikuwa ameuza bia tangu ujana wake, akidhani amekwisha kuona kila aina ya mtu mzima. Watoto hakuwatarajia.

Kisha bosi akapata wazo. Mawazo ya bosi yalikuwa kama mvua ya mawe: hayaji mara kwa mara, ila yakija lazima mtu aumie. Alitundika bembea uani, akaandika ukutani: "Baa ya Familia."

"Baba anakunywa, mtoto anacheza, mama anapumzika. Nani atalalamika?"

"Na wa kuwaangalia hao watoto?" Anti akauliza.

"Si wewe upo hapo hapo?"

"Basi na mimi nimlete wangu, bosi. Anashinda kwa jirani kutwa."

Bosi akashtuka kama aliyeombwa figo. "Hapa ni kazini, dada. Baa si mahali pa mtoto!"

Jumapili akina baba walifurika, kila mmoja na ushahidi wa malezi mkononi. Wake zao walifurahi: mume akiwa na mtoto atakunywa kwa adabu. Adabu yenyewe ilidumu mpaka chupa ya pili. Baada ya hapo Anti alifungua bia kwa mkono huu, akafuta kamasi kwa ule, huku mzazi mwema akipaza sauti kutoka mezani, "Anti, mwanangu anataka chooni!" Watoto nao, wepesi wa kujifunza, walirudi nyumbani na msamiati usiofundishwa shuleni.

Alasiri moja seremala, mtu mpole akiwa hajanywa, aliona amekunywa vya kutosha. Akaenda uani, akaokota mtoto aliyesinzia kwenye benchi, akamtia begani, akaondoka kwa heshima zake. Anti alikuwa ameinama akivuta kreti. Alipoinuka, binti wa seremala alikuwa amesimama mbele yake.

"Anti, baba amembeba nani?"

Anti akampakata nyuma ya kaunta, akampa soda. Mtoto hakulia, lakini Anti alihisi mgongo ule mdogo ukitetemeka kifuani pake.

Nyumbani, mke wa seremala alifungua mlango.

"Huyu nani?"

"Mama we! Humjui mwanao?"

"Mume wangu, nilikupa msichana. Huyu ni mvulana, tena wa mwenye bucha."

Mama yule alifika baa mbio, mtoto wa watu mkononi. Mwenye bucha alikuwa bado anakunywa, hana habari kwamba amepungukiwa.

Kesho yake bosi akaitisha kikao. Akina baba walijadili kwa uchungu, wakilowanisha makoo. Mmoja akasema watoto wana kelele. Mwingine akawalaumu kwa kulala ovyo. Seremala akaongeza kwamba watoto wa siku hizi wanafanana mno. Ikaamuliwa: watoto marufuku.

"Mngepiga marufuku akina baba," Anti akasema, "bembea ingebaki."

Walicheka sana. Wakaagiza tena.

Jumapili iliyofuata wake zao nao wakaamua yao: huendi na mtoto? Basi kaa naye. Bosi akatazama viti vitupu.

"Wateja wangu wako wapi?"

"Wako nyumbani, bosi. Wanalea."

Walifunga mapema. Njiani Anti alimwona seremala kupitia dirisha la nyumba yake, amekaa sakafuni, bintiye akimchana nywele kwa kitana kikubwa, naye hathubutu kutikisika. Akapita hadi kwa jirani. Mwanawe alipomwona mchana kweupe, akatoa macho.

"Mama, umefukuzwa?"

"Bado. Vaa viatu twende tukatembee."