Vumbi la Ufuta

Mwaka ule mvua ilikata mapema, mtama wetu ukakaukia shambani, nami nikaenda kuomba kibarua kwenye ghala la ufuta huko Zuzu. Tulikuwa wanawake watupu, tukipepeta na kuchambua ufuta wa kupelekwa nje ya nchi. Geti lilipigwa kufuli tangu asubuhi. Vumbi lilitanda ndani mpaka sura ya mwenzako huioni vizuri, na kwenda chooni ni hadi msimamizi apende.

Jirani yangu kazini alikuwa dada mmoja wa Kondoa, mtu wa utani sana. Kikohozi kilimwanza kidogo kidogo. Zilipofika pepo za mwezi wa nane, alikuwa akikohoa huku ameshika ukuta. Aliomba ruhusa aende zahanati.

"Nenda," msimamizi akamjibu, "lakini usirudi."

Akabaki.

Asubuhi moja tuligawiwa barakoa mpya. Wanunuzi wa Ulaya wanakuja, tukaambiwa, na kila mtu aseme hapa ni pazuri. Alikuja mama mmoja wa Kizungu, akifuatana na mkalimani wa kampuni. Akasimama mbele ya dada, akauliza kama kazi inamdhuru.

"Kifua kinaniua," dada akasema. "Hizi barakoa tumepewa leo. Na mlango wanatufungia."

Mkalimani akatabasamu, akamweleza mgeni kwa Kiingereza kwamba dada ana mafua tu, na anaishukuru kampuni.

Mimi nilifika kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, ila nilimwelewa. Nikasimama, nikamwambia yule mama kwamba dada hakusema hivyo. Nikayarudia maneno yake yote. Mgeni akaandika, akanishukuru, akaondoka.

Kesho yake mlinzi alituzuia getini sote wawili. "Nimeambiwa msiingie," akasema, macho chini.

Dada akarudi kwao Kondoa. Tuliongea kwenye simu, kila mara sauti yake ikizidi kufifia, mpaka siku aliyopokea mdogo wake na kuniambia amefariki. Nilipofika kwao, walikuwa wameshazika.

Nikamwamkia mama yake shikamoo. Akanishika mkono asiuachie.

"Ni wewe uliyemsemea mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Lakini haikusaidia."

Alininawisha mikono, akanisogezea ugali. Tukala.