Jani la Sale Mbele ya Mkuu

Wiki nzima nilitamba kwa walimu wenzangu kwamba simwombi mkuu wa shule radhi, hata anifukuze. Alidai nawafundisha wanafunzi ubishi. Nikamjibu hadharani kuwa anaogopa maswali.

Jana akaja kukagua kipindi changu, akaketi karibu na ubao. Tulikuwa tukilinganisha mashairi mawili: katika moja mto unafagia mashamba ya Kahe, katika jingine mzee anaupa mto jani la sale, kama sisi Wachaga tunavyoombana msamaha.

“Jani lina nguvu gani mbele ya mafuriko?” niliuliza, nikipunga sale niliyochuma uani.

“Mwalimu, ukipewa sale huwezi kukataa,” alisema Neema wa dawati la mbele. “Hata mto.”

“Nani kasema? Thibitisha.”

Nilitaka kuliandika swali hilo ubaoni. Kitabu mkono huu, sale mkono huu. Bila kufikiri nikampa mkuu anishikie jani.

Mkuu akasimama, akalipokea kwa mikono miwili.

“Yameisha, kijana wangu. Ungekuja tu ofisini.”

Wanafunzi wakapiga makofi. Nilipofungua mdomo kukanusha, Neema akaninong’oneza, “Sema asante, mwalimu.”