Mwisho wa Benchi

Wanaoniona leo nikishuka kwenye lori langu hapa Shinyanga wanadhani nilizaliwa nimevaa viatu. Darasa la nne sikumaliza. Kila nilicho nacho nimekipata kwa miguu hii miwili, na mmoja nusura uende na funza.

Ilikuwa machimboni Geita, miaka ya sabini inaishia. Sururu ilinichana muundi, nikafunga kipande cha shati nikarudi shimoni, maana duara letu, ndivyo tulivyoita shimo, lilikuwa linatema dhahabu. Na duara likitema, sisi hatukuoga. Ukioga, mali inakimbia. Wiki zikapita, kitambaa kikagandamana na nyama, na ule mnuko, jamani, ulikuwa wa samaki aliyesahauliwa kwenye gunia.

Nikaenda zahanati. Vidonda vyote pale vilihudumiwa na nesi mmoja, mama mnene asiye na haraka. Nikampita kila mtu kama mwenye mali yake.

"Shikamoo, sista. Nianze mimi, kazi inaningoja."

"Marahaba. Mwisho wa benchi, mwanangu."

Alianza na vidonda visafi, vichafu mwisho, ili uchafu usihame. Huko mwisho nikamkuta mzee mfugaji aliyejisiliba mavi ya ng'ombe mguuni. Kinyaa kilinishika. Lakini nzi walitoka kwake wakaja kwangu, wakabaki kwangu.

Nesi alipobandua kitambaa, funza wakadondoka sakafuni.

"Mimi mfugaji nimekuja na mavi tu," mzee akasema, akijisogeza. "Wewe tajiri umekuja na mifugo yenyewe!"

Benchi zima likacheka. Nesi hakucheka.

"Umeoga lini?"

"Duara linatema, sista. Nikioga..."

"Ukiuacha mguu hivi, utakatwa hapa." Akanigusa juu ya goti. "Beseni lile pale nje, na sabuni. Au rudi duarani."

Nikaosha. Maji yakawa meusi, yana vipande vipande, nikatapika humo humo.

Wenzangu walipoona mguu umeoshwa, wakanifukuza duarani. Nikawa mtu wa benchi, kila siku nikisogea mbele kidogo kidogo, mpaka nikakaa wa kwanza, kidonda chekundu safi kama ulimi wa ndama.

Siku hiyo akaingia mmoja wa wale walionifukuza, mkono ameuviringisha gunia, ananuka.

"Nipishe hapo, kaka. Si unanijua?"

Nikaziba pua. "Mwisho wa benchi," nikamwambia. "Na beseni liko nje."